Wewe ni nani, na nani anakujua? Utambulisho wa mdomo, wa barua na wa wakwe

Ukifika kwenye mkutano wowote hapa Lobule, nusu saa ya kwanza huenda kwa majina. Mwenyekiti wa RWC anasimama kumtambulisha mwenyekiti wa LC1. Mwenyekiti wa LC1 anamtambulisha mzee wa ukoo, na mzee wa ukoo hawezi kukaa chini kabla hajawataja wazee wenzake mmoja baada ya mwingine. Kisha wageni wa mashirika wanapewa dakika moja moja na wanatumia tano. Ajenda inapoanza, jua liko utosini na akina mama wenye watoto wadogo wameshaanza kuondoka.

Mimi ni mmoja wa wale wanaokula dakika hizo, na kwa muda mrefu niliona ni kupoteza wakati. Nilibadili mawazo siku niliyomruka mzee mmoja wa jamii mwenyeji kwa sababu jina lake halikuwa kwenye karatasi yangu. Mkutano ule ulikuwa wa kuomba eneo la kukatia nyasi za kuezekea. Mzee hakukasirika wala hakusema neno. Mwisho wa mkutano, alipoulizwa kuhusu nyasi, alijibu kwa upole: "Mimi hapa sijulikani, nitatoaje nyasi?" Tulirudi wiki mbili baadaye, safari hii yeye akiwa wa kwanza kutajwa.

Tunaandika makala haya kwa sababu ya maswali manne yanayoletwa mara kwa mara kwenye meza yetu ya habari. Barua ya utambulisho inapatikana wapi, na ni ya kazi gani? Jina la mtoto limeandikwa kinyume shuleni, tufanye nini? Familia ya kijana inataka kuja kujitambulisha kwa binti yetu lakini hapa hatuna mjomba wala shangazi, nani atasimama? Na mtu amepiga simu akasema yuko UNHCR, tumwamini? Maswali haya yanaonekana mbalimbali, lakini yote yanauliza jambo moja: mtu asiyejulikana anafanyaje ajulikane, na nani ana haki ya kusema "huyu namjua"?

Salamu na lugha

Neno lenyewe linasaidia kuelewa. Kutambulisha kunatokana na kutambua. Ukimtambulisha mtu, unamwezesha mwingine amtambue, amweke mahali pake: ni mtoto wa nani, ametoka wapi, anataka nini. Ndiyo maana kwetu jina peke yake halitoshi. Ukimwambia mzee wa Kikakwa jina lako la ubatizo, atangoja uendelee. Anataka ukoo na mahali.

Salamu nazo zina desturi zake, na Kiswahili chetu si kimoja. Mimi nilifundishwa shuleni kumwamkia mkubwa kwa shikamoo. Wiki yangu ya kwanza hapa nilimwambia mzee mmoja kutoka upande wa Aru "Shikamoo, baba." Akanitazama kidogo, akajibu, "Jambo, mwanangu." Shikamoo ni ya pwani na Tanzania, Kongo, jambo ni salamu kamili ya heshima, na hakuna aliyekosea. Kama wewe ni mfanyakazi mpya hapa, usidhani mtu asiyejibu marahaba amekudharau.

Jambo la pili kuhusu Kiswahili linawahusu zaidi wageni kutoka Kongo. Nchini Uganda lugha hii ina historia nzito. Ilikuwa lugha ya jeshi tangu wakati wa Waingereza, na mwaka 1973 Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa. Kwa hiyo wako wazee wa Uganda ambao masikioni mwao Kiswahili bado kina sauti ya askari anayegonga mlango usiku. Tangu mwaka 2005 Katiba inakitambua kama lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 serikali iliamua kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini hisia za watu haziendi kwa kasi ya sheria. Huku West Nile mambo ni afadhali kuliko kusini, watu wengi wanakisikia na sokoni kinatumika. Hata hivyo, ukiingia boma usilolijua, jifunze angalau salamu ya Kikakwa au Kilugbara kabla ya kuendelea kwa Kiswahili au Kilingala. Salamu mbili tatu zitakufungulia mlango kuliko maelezo marefu.

Tena wazee wa hapa wanajua vizuri maana ya kujitambulisha ugenini. Amin alipoangushwa mwaka 1979, na hasa baada ya mapigano ya mwaka 1980, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Wengi wa Koboko walivuka mpaka huu huu wakaishi upande wa Aru kwa miaka, wakilima mashamba ya wenyeji wa kule. Makazi ya Lobule yalipofunguliwa mwaka 2013 kupokea Wakongo, baadhi ya waliotoa ardhi walikuwa wamekula chakula cha Kongo utotoni. Nimesikia zaidi ya mara moja mazungumzo kati ya mwenyeji na mkimbizi yakianza kwa ubaridi, kisha mmoja anataja kijiji, mwingine anauliza, "Unamjua fulani wa pale karibu na kanisa?" na kutoka hapo mambo yanakuwa mepesi. Mkitaja kijiji chenu, msikitaje haraka haraka.

Jina lako lina mpangilio

Hapa ndipo naomba usome polepole, maana ndipo watu wanapoumia.

Mkongo wa kawaida ana majina matatu: jina la kwanza kuandikwa, ambalo mara nyingi ni la ukoo au la baba, jina la pili linalofuata, na mwisho jina la ubatizo. Mpangilio huu ulitokana na siasa. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Watu waliotakiwa kuacha majina ya kizungu wakaongeza jina la Kiafrika, na hata baada ya marufuku kwisha, lile jina la katikati likabaki. Majina ya ubatizo yakarudi, yakawekwa mwishoni.

Uganda mpangilio ni mwingine. Fomu huuliza jina la ukoo na jina la mtu mwenyewe, nafasi mbili tu. Tena Waganda wengi, wakiwamo watu wa West Nile, hawampi mtoto jina la baba. Kila mtoto ana jina lake, linaloeleza alivyozaliwa au hali ya nyumba wakati ule. Afisa wa Uganda akiona watoto watano wa nyumba moja wenye majina matano tofauti, hashangai. Lakini akiona majina matatu ya Kikongo na nafasi mbili za kujaza, ataacha moja, na hataacha lile lile kila siku.

Matokeo yake ni haya. Kwenye karatasi ya familia ya OPM mtoto ana majina mawili ya kwanza. Kwenye daftari la shule mwalimu ameandika jina la ubatizo na la katikati. Kwenye kliniki liko jina la nyumbani ambalo mama alilitaja akiwa na haraka. Kila karatasi inamtambulisha mtoto mwingine. Mambo yanakaa kimya mpaka darasa la saba, wakati shule inapomsajili kwa UNEB kufanya mtihani wa PLE. Jina litakalosajiliwa pale ndilo litakalotoka kwenye matokeo, na matokeo hayo ndiyo yatakayomfuata sekondari, kwenye UCE, kwenye UACE, na siku atakapoomba ufadhili wa masomo. Mfadhili ataweka matokeo kando ya kitambulisho cha mkimbizi. Yasipofanana, anaweza kuliweka faili pembeni bila hata kukuuliza.

Kijana mmoja alikuja kwetu na alama nzuri sana, na majina yasiyofanana hata moja kati ya karatasi tatu. Mama yake alisema kitu ambacho sijakisahau: "Mimi nilimzaa mtoto mmoja, nyinyi mmemfanya watatu."

Kwa hiyo, mzazi, fanya hivi. Chukua karatasi ya familia uliyopewa na OPM, hata kama unajua ina kosa. Soma jina la kila mtoto kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Kama lina kosa, nenda kwanza kwa OPM siku za kurekebisha kumbukumbu, ukiwa na karatasi yoyote uliyotoka nayo Kongo: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, ripoti ya shule, hata kadi yako ya mpiga kura inayoonyesha jina la ukoo. Likishakuwa sawa, au kama lilikuwa sawa tangu mwanzo, lipeleke shuleni uombe mwalimu aandike vile vile, kwa mpangilio ule ule. Usingoje darasa la saba. Usajili wa mtihani hufanyika miezi mingi kabla ya mtihani wenyewe, na shule ikishatuma majina, kurekebisha ni safari ndefu yenye gharama, viapo na barua.

Na wewe mtu mzima, chagua namna moja ya kuandika jina lako na uishike. Usiwe mtu wa majina mawili kwenye simu kadi na matatu kwenye kikundi cha akiba. Nyumbani wanaweza kukuita wapendavyo.

Barua ya utambulisho

Barua ya utambulisho ni karatasi ambayo mtu anayejulikana na ofisi anamwandikia mtu anayejulikana naye. Ni hivyo tu. Anayeandika anaazima jina lake kwako. Ndiyo maana mwenyekiti mwenye busara hakupi barua kabla hajakuuliza maswali: ukiiba kwa barua yake, jina lililoharibika ni lake.

Kwa Mganda, barua hii huanzia kwa mwenyekiti wa LC1. Mabaraza haya yana mizizi katika kamati za vijiji zilizoenea baada ya NRM kuingia madarakani mwaka 1986, na hadi leo LC1 ndiye anayesema nani ni mkazi wa kijiji. Unaiombea kitambulisho cha taifa, kufungua akaunti benki, kumdhamini ndugu polisi. Kwa mkimbizi anayeishi ndani ya makazi, barua huanzia kwa RWC wa kijiji chako, na kwa mambo makubwa huenda mpaka ofisi ya kamanda wa makazi, ambayo ni ofisi ya OPM. Kama wewe ni mkimbizi lakini umepanga nyumba nje, Koboko mjini au Arua, una wenyeviti wawili: yule wa makazi anayekujua kama mkimbizi, na LC1 wa mtaa unaoishi. Nenda ukajitambulishe kwa huyo wa pili wiki ya kwanza, kabla hujahitaji chochote. Mtu anayefika kwa LC1 kwa mara ya kwanza siku aliyoibiwa ana kazi ngumu, maana anaanza kwa kuulizwa yeye ni nani.

Vivyo hivyo kuhusu shamba. Ardhi ya West Nile kwa sehemu kubwa ni ya mila, ya koo, hata pale ambapo serikali imepatana na wenyeji wakimbizi wakae. Ukitaka kukodi shamba nje ya kiwanja chako, usimalizane na kijana uliyemkuta njiani anayesema ni la baba yake. Omba upelekwe kwa mzee, nenda na mtu wa RWC au jirani mwenyeji anayekujua, na makubaliano yaandikwe mbele ya LC1. Tumeona watu wakilima, wakapalilia, na siku ya kuvuna akatokea mwenye shamba wa kweli. Kuni na nyasi pia. Mwanamke anayekutwa porini peke yake na panga, hajulikani, anaonekana mwizi. Yule yule akiwa amejulikana kwa mama mwenye eneo, ni jirani anayetafuta kuni.

Sasa, barua si kitu gani? Si kibali cha kusafiri. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kutembea ndani ya nchi na haki ya kutafuta kazi. Ukienda Arua kumwona mgonjwa, kinachokutambulisha kizuizini ni kitambulisho chako cha mkimbizi. Barua inasaidia pale unapokwenda kuomba kitu kwa watu wasiokujua: shule ya bweni, hospitali kubwa, mwajiri, makazi mengine ambako ndugu zako wako. Mtu akikwambia huruhusiwi kuvuka Koboko bila barua yake, na barua yake ina bei, umeshajua unaongea na nani.

Kuhusu bei, tuseme wazi. RWC ni viongozi wa kujitolea mliowachagua, na huduma za OPM, UNHCR na mashirika hazilipiwi. Kwa LC1, vijiji vingi vina kawaida ya kuomba pesa kidogo ya karatasi na muhuri. Uliza kiasi mapema, mbele ya mtu. Pesa kidogo ya karatasi inaeleweka. Kuambiwa urudi kesho mara nne mpaka utoe kitu hakueleweki, na unaweza kulalamika kwenye dawati la ulinzi au kwa namba ya bure ya UNHCR iliyobandikwa kwenye vibao vya matangazo.

Barua nzuri ni fupi. Ina tarehe, inasema inakwenda kwa nani, inataja jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho pamoja na namba yake, inasema mwandishi anakujua tangu lini na kwa namna gani, na unakwenda kuomba nini. Kisha sahihi, jina, simu na muhuri. Barua inayosema tu "mwenye barua hii ni mtu mzuri, asaidiwe" haina kazi. Afisa hajui akusaidie nini. Mwombe mwenyekiti aandike tangu lini. "Namfahamu tangu 2016, ni jirani yangu na mwalimu wa Jumapili kanisani" ina uzito kuliko sifa kumi. Na kabla hujaondoka, soma jina lako tena.

Ukiandika mwenyewe

Waliosoma shule za zamani tulifundishwa kuanza barua kwa salamu ndefu: natumaini u mzima wa afya, mimi huku si mbaya, hofu na mashaka ni juu yako, baada ya salamu, dhumuni la barua hii. Ni adabu nzuri kwa shangazi. Hata watunzi wa tenzi za pwani hawakuingia moja kwa moja kwenye hadithi. Walianza kwa kumtaja Mungu, na wengi wao wakaomba waletewe karatasi na wino kabla ya kusema walichokuja kusema. Msikilizaji alikuwa amekaa na usiku ulikuwa mrefu.

Mtu anayesoma barua mia mbili za kuomba nafasi moja ya uhamasishaji wa jamii hana usiku huo. Nimewahi kukaa kwenye meza hiyo. Barua nyingi zilianza na vita: mwaka gani walikimbia, nani alikufa, walivyovuka mto. Zilikuwa za kweli na ziliniuma, lakini ukurasa wa kwanza uliisha bila mwandishi kusema anaomba kazi gani wala anajua lugha gani. Kazi ilihitaji mtu anayezungumza Kikakwa na Kilingala, na mmoja wa waombaji wenye uwezo huo alikuwa ameuandika kwenye mstari wa mwisho kabisa. Alikaribia kupitwa.

Katika barua ya kazi, sentensi ya kwanza iseme unaomba nafasi gani na uliiona wapi. Ya pili iseme wewe ni nani kuhusiana na kazi hiyo: "Mimi ni mkazi wa Lobule, nimekuwa mhamasishaji wa afya kijijini kwa miaka mitatu, ninazungumza Kiswahili, Kilingala na Kilugbara." Habari za safari yako ya ukimbizi zina mahali pake, na mahali pake ni mahojiano ya ulinzi, kwa mshauri, kwa watu wako. Usilazimike kumwuzia kila mtu.

Vikundi vinavyoandika maombi ya ufadhili vina tatizo lile lile kwa sura nyingine. Utangulizi huanza "Tangu kale binadamu amekuwa akikabiliwa na changamoto," kisha historia ya Kongo kuanzia 1996. Anayesoma anajua Kongo iko wapi. Asichojua ni nyinyi: kikundi cha watu wangapi, kijiji gani, mlianza lini, mmeshafanya nini kwa mikono yenu wenyewe, na tatizo gani moja mnataka kulitatua. Na andikeni utangulizi mwisho. Najua jina lake linasema unatangulia, lakini hutaweza kumwelekeza mtu kwenye nyumba ambayo bado hujaijenga.

Kwenye vitabu vya Kiswahili utakuta pia dibaji. Neno hilo lilitoka Kiarabu, na huko lilikuwa jina la kitambaa cha hariri kilichotariziwa. Mara nyingi dibaji huandikwa na mtu mwingine anayemjua mwandishi, kama mzee anavyosimama mkutanoni kumtambulisha kijana, na utangulizi huandikwa na mwandishi mwenyewe. Kikundi chenu kikipata barua ya mwenyekiti wa RWC au ya mwalimu mkuu, hiyo ndiyo dibaji yenu, iwekeni mbele. Na msidharau kurasa za mwanzo. Ibn Khaldun, mwanazuoni aliyezaliwa Tunis, alimaliza mwaka 1377 utangulizi wa kitabu chake cha historia ya dunia, na leo wengi wanaosoma utangulizi ule hawajawahi kugusa kitabu chenyewe.

Wakwe wakija kujitambulisha

Uganda, ukisikia kuna "introdakisheni" Jumamosi, ujue ni ndoa inayonukia. Baganda huita kwanjula, na neno hilo maana yake ni kutambulisha tu: binti anamtambulisha kijana na watu wake kwa wazazi wake. Watu wa Kongo nao wana siku ya kijana kujionyesha kwa wazazi kabla ya mali kupangwa, na pwani kuna mshenga anayepeleka posa. Kila mahali kanuni ni moja: kijana hajitambulishi mwenyewe. Anatambulishwa.

Hapo ndipo mkimbizi anapokwama. Baba amebaki Ituri au amefariki, mjomba yuko makazi mengine, shangazi hajulikani aliko. Tumeona familia zikipanga watu wa kusimama: mzee wa kanisa au wa msikiti, jirani wa kijiji kimoja cha zamani, hata mwenyeji aliyewapokea. Mila inaruhusu zaidi ya tunavyofikiri, mradi jambo lisemwe wazi mbele ya wote: "Mimi si baba yake, lakini baba yake akija leo atanikuta nimekaa mahali pake." Kama ndugu wa kweli yuko mbali lakini ana simu, mpigieni siku hiyo, asikie, atoe baraka. Inazuia ugomvi wa miaka.

Mambo matatu ya sheria, kwa haraka. Katiba ya Uganda ya 1995 inataka wanaooana wote wawe wametimiza miaka 18. Kumtambulisha binti wa miaka 15 kwa wakwe hakumfanyi kuwa mke, na wanaopanga hivyo wanaweza kushtakiwa. Ndoa ya kimila inatakiwa kusajiliwa kaunti ndogo, mkiwa na mashahidi, na karatasi hiyo ndiyo itakayomtetea mjane siku ndugu wa mume watakaposema hawamjui. Na mahari: kwa sheria ya familia ya Kongo ni sehemu ya ndoa, hapa Uganda inaruhusiwa, lakini Agosti 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kudai irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Mama anayebaki kwenye kipigo kwa sababu kaka zake hawana ng'ombe wa kurudisha anapaswa kulijua hilo.

Na wanaojitambulisha kwako

Tumezoea kuuliza mkimbizi yeye ni nani. Una haki ya kuuliza pia. Mfanyakazi wa shirika akiingia uani kwako na daftari, anatakiwa kukuambia jina lake, shirika lake, anachotafuta, majibu yako yatakwenda wapi, na kwamba unaweza kukataa bila kunyimwa msaada. Mwenye kamera vivyo hivyo, kabla hajapiga picha. Mimi pia. Usione aibu kusema, "Mwanangu, onyesha kwanza kitambulisho chako."

Kuhusu simu: anayepiga akajitambulisha kuwa wa UNHCR au OPM, akasema jina lako limetoka kwa safari ya Kanada au Marekani na inabaki pesa ya faili, huyo ni tapeli. Haijalishi anajua jina lako, namba ya familia yako na idadi ya watoto. Karatasi zetu hupita mikononi mwa watu wengi, na wengine huzisoma kwa sauti kwenye foleni. Hakuna hatua yoyote ya kuhamishiwa nchi ya tatu inayolipiwa. Usimtumie pesa, usimpe namba ya siri, andika namba aliyopigia na saa, ukaripoti kwenye dawati la ulinzi au kwa polisi.

Mama mmoja alifanya vizuri zaidi. Mpigaji alipomaliza kujieleza, alimwuliza, "Sawa baba, RWC wetu hapa anaitwa nani?" Simu ikakatwa.